Gari imechomoka yenyewe: ni mguu wangu au ni kontrol boksi?

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia kirefu, nalifupisha swali lake ili na wengine mfaidike. Asubuhi kawasha gari, otomatiki ya Kijapani ya mwaka 2006 yenye injini ya cc 2400, kaweka rivasi atoke getini, mguu uko kwenye breki, ghafla injini ikanguruma gari ikachomoka kinyumenyume ikaenda kubamiza ukuta wa jirani. Anaapa alikuwa anakanyaga breki kwa nguvu zake zote ila breki hazikushika. Mumewe kacheka, eti wanawake ndo mnavyoendesha. Fundi wa mtaani kaja kaangalia, kasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, leta laki nane na nusu. Sasa anauliza ni yeye au ni gari, na je alipe?

Dada pole sana, na shukuru nyuma hakukuwa na mtoto. Kulipa usilipe, hilo tulimalize hapa hapa kabla ya mengine. Fundi aliyetaja kontrol boksi bila kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu, bila kupima volti hata moja, huyo amebahatisha na anataka ubahatishe nae kwa hela yako. Swali la ni wewe au ni gari ndo refu, manake mimi naona kuna uwezekano mkubwa ni vyote viwili, na nitaeleza kwanini, ila inabidi uvumilie niende Marekani kwanza alafu nirudi Tabata.

Hii kesi ya gari kuondoka yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1986 televisheni ya CBS ya Marekani kwenye kipindi chao cha 60 Minutes walionyesha Audi 5000, watu wanalalamika kama unavyolalamika wewe, nilikuwa kwenye breki gari ikaruka. Wakaonyesha na gari ambayo pedeli ya mafuta inazama yenyewe bila mtu kuigusa, baadae ikaja kujulikana kuna mtaalamu alitoboa giaboksi akapitisha presha kutoka nje ili ionekane hivo. Audi iliumia, waliuza kama magari 74,000 Marekani mwaka 1985, kufika 1991 wakauza elfu 12 tu na kitu. Sasa serikali ya Marekani ilipochunguza ikatoa ripoti yake 1989 kwamba sehemu kubwa ya matukio yale ni madereva kukanyaga mafuta wakidhani wanakanyaga breki.

Watu wengi wanaishia hapo. Lakini ripoti ile ile ilikuta pia kwamba baadhi ya zile Audi zilikuwa na tatizo kwenye kifaa cha umeme kinachosimamia sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, sailensa inapanda ghafla bila sababu na gari inapata msukumo mfupi ambao dereva hakuutegemea. Umeona sasa? Umeme unaanza, gari inashtuka kidogo, dereva nae anashtuka, anatupa mguu kwenye "breki" kwa nguvu zote, mguu unaangukia mafuta. Msukumo wa sekunde moja unageuka ukuta wa jirani. Na ndo maana leo huwezi kutoa gia kwenye P bila kukanyaga breki, ile loki Audi waliiweka kipindi kile cha mikosi na wenzao wakafuata.

Nakuja kwa Toyota, manake najua hilo ndo mmelisikia. Tarehe 28 Agosti 2009 huko San Diego askari wa barabarani ambaye hakuwa kazini, na familia yake, wanne kwa jumla, walikufa kwenye Lexus ES 350, Lexus ni ya Toyota hao hao, iliyogoma kupungua mwendo. Lilikuwa gari la kuazimwa na muuzaji wakati lao liko gereji. Chanzo kilichokutwa ni mkeka wa raba wa modeli nyingine kabisa, mkubwa, umewekwa mle, pedeli ya mafuta ikanasa chini ya mkeka. Na kinachouma, siku chache kabla mteja mwingine aliazima gari hilo hilo likamfanyia hivo hivo akarudisha akasema. Baada ya hapo zikaitwa zirudi kurekebishwa mamilioni ya magari kwa ajili ya mikeka, na Januari 2010 zikaitwa milioni 2.3 nyingine Marekani kwa pedeli zinazokwama zenyewe kwa kuchakaa ndani. Machi 2014 Toyota wakakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa wizara ya sheria ya Marekani kwa kuwadanganya wateja kuhusu hayo mawili, mkeka na pedeli. Sio umeme, hapo watu huwa wanachanganya.

Kwenye umeme wenyewe serikali iliwapa kazi NASA, hao hao wa roketi, wakakaa miezi kama kumi na mistari zaidi ya 280,000 ya programu ya kompyuta ya gari. Februari 2011 wakatoa majibu kwamba hawakukuta kosa la umeme linaloweza kufungua throto, ule mlango wa hewa ya injini, kwa kiasi kikubwa kama kwenye yale matukio. Waziri wa uchukuzi Ray LaHood akasimama akasema kwa uhakika kabisa umeme hauhusiki. NASA wenyewe hawakusema hivo kwa ukali huo, walisema hawajathibitisha, na kutothibitisha sio sawa na kusema haiwezekani.

Alafu walikuta kitu kidogo ambacho sisi mafundi umeme tunakipenda sana kukisimulia, nywele za bati. Bati likipakwa kwenye shaba bila kuchanganywa na madini ya risasi, kwa miaka linaota vinywele vyembamba kuliko unywele wa kichwani, kinaota kimoja kinagusa njia ya pili, tayari shoti. NASA walikuta hivyo ndani ya sensa ya pedeli, kifaa kinachosoma umekanyaga mafuta kiasi gani, ya gari moja iliyokuwa inaruka ruka. Kwenye gari ile ilileta mafuta kuja kwa kushtuka, sio throto kufunguka yote, na taa ya hitilafu iliwaka.

Ili uelewe kwanini taa iliwaka inabidi ujue gari yako haina waya wa eksileta. Zamani ukikanyaga, unavuta waya, waya unafungua throto, basi. Sasa pedeli ni swichi tu, ndani ina sensa mbili zinazosoma kitu kimoja, kwa Toyota nyingi mguu ukiwa juu moja inatoa kama volti 0.8 nyingine kama 1.6, ukikanyaga zinapanda pamoja na zinaachana kwa kama 0.8 muda wote. Kompyuta inalinganisha, zikipishana vibaya inajua mmoja anadanganya, inawasha taa, inaandika kodi, yaani namba ya hitilafu, kama P2138 na inapunguza nguvu gari inatambaa. Kwenye throto nako kuna sensa mbili vile vile, na springi inayoirudisha karibu na kufunga ikikosa umeme. Kwahiyo sensa moja ikifa gari haikimbii, gari inalegea. Wateja wengi wa namna hii wanakuja kwangu wanalalamika gari haina nguvu, ni wachache sana wanaolalamika ina nguvu sana.

Ila nisikudanganye kwamba ulinzi huo ni ukuta wa Yeriko, na wenyewe ulianguka. Kuna kesi ya Oklahoma, gari ni Toyota Camry ya 2005, ajali ya Septemba 2007, mama dereva anatoka barabara kuu gari ikakataa kupungua, akavuta mpaka hendibreki na alama za matairi zikabaki barabarani, abiria wake akafariki. Oktoba 2013 jopo la wananchi mahakamani likasema programu ya Toyota ilihusika, dola milioni 3, na kabla hawajafika kwenye fidia ya adhabu Toyota wakamalizana nao nje. Shahidi aliyewaumiza ni mtaalamu wa programu za vifaa anaitwa Michael Barr, yeye na wenzake waliingia kwenye chumba maalumu chenye ulinzi wakasoma programu yenyewe kwa miezi kama 18, muda mrefu kuliko waliopata NASA.

Alichosema nitakieleza kwa lugha ya gereji. Ndani ya kontrol boksi kuna kazi nyingi zinapokezana, moja anasimamia cheche, mwingine anasimamia hiki na kile, na mmoja, mahakamani walimwita Task X, alibebeshwa mzigo wa ajabu, ndo anayeamua throto ifunguke kiasi gani, ndo mwenye kruzi kontrol ya kushikilia mwendo, na ndo huyo huyo mwenye kazi nyingi za kugundua hitilafu na kuandika kodi. Mlinzi na mwizi wamewekwa kwenye mtu mmoja. Tarakimu moja tu ikigeuka kwenye memori, sifuri ikawa moja, Task X anaweza kufa kimya kimya, throto inabaki pale ilipokuwa, na hakuna kodi inayoandikwa kwa sababu mwandishi ndo marehemu. Kulikuwa na mlinzi mkuu wa kuizima kompyuta mambo yakienda kombo, lakini huyo alikuwa anapewa taarifa ya "salama" na saa ya ndani badala ya wafanyakazi wenyewe, ni kama askari wa getini ambae kila saa kengele inalia yenyewe anaandika kwenye daftari kwamba ndani kuko shwari, kumbe ndani wameshachinjwa. Wakaonyesha pia vigezo zaidi ya 10,000 ambavyo kila sehemu ya programu inaweza kuvishika na kuvibadilisha, mtu wa programu akisikia hiyo namba anashika kichwa.

La ajabu kuliko yote ni hili, Barr alisema Task X akifa wakati mguu wako tayari uko kwenye breki, ulinzi mmojawapo haufanyi kazi mpaka uachie breki kabisa. Nani ataachia breki gari ikikimbia!

Na Barr hakuweza kuthibitisha kwamba kwenye gari ile siku ile Task X alikufa, alithibitisha inawezekana, ikafanywa makusudi kwenye Camry iliyo juu ya mashine ya kupimia. Jopo likaona yatosha. Mimi nasimama na jopo, kwa ile kesi.

Sasa turudi Tabata. Kwanini kesi yako siiweki kwenye fungu la Oklahoma? Kwanza, mama wa Oklahoma alikuwa kwenye mwendo, throto tayari imefunguka, ikibaki pale inakuwa balaa. We umetoka kuwasha, mguu haujagusa mafuta, throto imefungwa. Task X akifa hapo throto inabaki ilipo, yaani imefungwa.

Pili, na hii ndo nzito, breki. Kuna kipimo cha giaboksi mafundi wote wa otomatiki wanakijua, unakanyaga breki mpaka chini, unaweka D au R, unakanyaga mafuta yote, injini inapanda mpaka kwenye mizunguko elfu mbili na kitu kwa dakika inagoma hapo, na gari haisogei. Breki nzima inaishinda injini gari ikiwa imesimama. Hata kwenye mwendo, jarida la Car and Driver la Marekani walijaribu Camry ya V6 yenye nguvu ya farasi 268 ikiwa maili 70 kwa saa na mafuta yamekanyagwa yote, ikasimama kwa futi 190, bila mafuta ni futi 174. Tofauti ya mita kama tano. Kwahiyo kwa gari yako kutoka mahali ilipokuwa imesimama ikafika ukutani huku breki imekanyagwa kweli, ingebidi umeme wa throto uharibike na breki ambazo ni mfumo mwingine kabisa na wa throto nazo zife dakika hiyo hiyo, alafu zote zipone kabla fundi hajafika. We mwenyewe umeandika kwamba baada ya ajali uliendesha mpaka gereji na breki ziko vizuri.

Tatu, ulikuwa unarudi nyuma. Ukigeuza kiwiliwili kuangalia nyuma, nyonga inageuka na mguu unahama bila wewe kujua. Umetaja mwenyewe jana yake mumeo ndo aliendesha, je kiti ulirudisha? Umevaa nini miguuni, kandambili? Profesa mmoja wa saikolojia wa Marekani, Richard Schmidt, aliandika 1989 kwamba kwenye haya makosa mtu anachagua pedeli sahihi kichwani kabisa, mguu ndo unakosea njia, ndo maana anaapa na anaapa kwa haki, kichwani kwake yuko kwenye breki. Na gari inavyozidi kukimbia ndo anazidi kukanyaga "breki". Ukisikia mtu anasema nilikanyaga breki ikawa kama nimeongeza mwendo, amekueleza kila kitu bila kujua.

Kwahiyo mumeo asicheke, hili halichagui jinsia. Julai 2024 karibu na ukumbi wa jiji Seoul mzee wa miaka 68, dereva wa kazi kabisa, aliparamia watu tisa wakafa, akasema gari ilikimbia yenyewe breki ngumu, vipimo vikaonyesha alikuwa anakanyaga mafuta. Mwambie mumeo asome hiyo.

Lakini nilisema vyote viwili. Umeandika neno moja ambalo fundi wako angelishika kwanza, kwamba wiki mbili nyuma ulibadilisha betri na tangu hapo asubuhi injini "inanguruma sana mpaka ipate joto". Hiyo ni sailensa. Throto ikiwa na masizi, betri ikatolewa, kompyuta inasahau ilichojifunza kuhusu throto ile na inaanza upya, mpaka ijifunze sailensa inaweza kupanda na kushuka ovyo. Weka na paipu ya hewa iliyopasuka, au kiyoyozi kinachowaka chenyewe na kuipandisha tena. Injini ya baridi iko juu tayari, unatia rivasi, inasukuma kuliko ulivyozoea, unashtuka... unaona tumerudi kwenye Audi ya 1986.

Kazi ya fundi sasa, na hii haifiki laki nane wala nusu yake. Achomeke mashine asome kodi kabla hajafuta kitu, akitaja P2138, P2135 au P2111 nitafute tena, manake hapo nabadilisha maneno. Asome sensa mbili za pedeli live huku unakanyaga pole pole mpaka chini, na kama ni Toyota aangalie zile volti mbili zinapanda pamoja bila kuruka, na wakati huo huo atikise soketi ya pedeli. Afungue kapeti aangalie kama maji ya mafuriko yaliwahi kuingia, soketi zenye kutu ya kijani ninazoziona msimu wa masika ni nyingi kuliko kontrol boksi zilizokufa mwaka mzima. Aangalie kama waliofunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari hawajakata na kuunga waya za pedeli kwa gundi na selotepu, hao mabwana wana laana yao. Aoshe throto, afanye sailensa ijifunze upya, kisha apime asubuhi ikiwa baridi na mchana ikiwa moto, moto inatakiwa izunguke kama mara 650 mpaka 750 kwa dakika.

Na mkeka. Umetuma picha ya ukuta na bampa lakini kwenye kona ya picha moja mlango uko wazi naona mkeka mnene wa raba juu ya mkeka wa kiwandani, miwili. Wa juu toa leo, ule wa chini ufunge kwenye ndoano zake.

Ikitokea tena kwa sababu yoyote, mguu au umeme, mkono uende kwenye gia utie N kabla hujafikiria nani mkosaji. Injini itapiga kelele kama inakufa, iache ipige. Breki kanyaga mara moja kwa nguvu zote ushikilie, usipampu, manake throto ikiwa wazi sevo, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, inakosa upepo na ukipampu mara mbili tatu breki inakuwa jiwe. Kuzima ni mwisho, na yenye ufunguo usiuzungushe mpaka mwisho gari ikiwa inatembea, usukani utajifunga. Zenye kitufe nyingi inabidi ukibonyeze ukishikilie kama sekunde tatu, ukibonyeza mara moja haizimi, na kwenye ile Lexus ya San Diego ilikuwa ni hivo.

Ukuta wa jirani jenga tu dada. Volti za pedeli zikiruka kwenye mashine nitumie picha ya kioo, hapo nitarudi kukuomba radhi na mumeo atakuomba radhi wewe.